Kafunua sufuria ya mama yangu halafu anauliza kaya maskini mnakula kuku?!

Mwana wa Mlengwa:
Wakuu habari za mchana, yangu mimi si nzuri. Naandika mkono unatetemeka na simu ina chaji asilimia 9 kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Miaka yote humu nasoma tu na kucheka, leo zamu yangu.

Yule mtu mnamjua. Simtaji. Kila kijiji kinachopokea hela za kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali, kina wa kwake, hana mhuri, hana kitambulisho, hajaajiriwa na yeyote, ana kaunta buku tu na kalamu sikioni, siku ya dirisha la malipo anashinda chini ya mwembe kuhesabu nani kapata ngapi kuliko hata wanaolipa. Hela ya mama yangu yeye anaijua kabla ya mama.

Sasa leo saa saba tumekaa tunangoja chakula, huyo kaingia. Hodi kapiga akiwa ameshafika uani. Mkeka kauruka, watoto hakuwasalimia, moja kwa moja jikoni AKAFUNUA SUFURIA. Wakuu. Sufuria ya mama yangu mzazi, mtu wa miaka sitini na kitu. Kashika mfuniko kwa kanga ya mama aliyoikuta hapo hapo, mvuke ukampanda usoni, kavuta pumzi ndeeefu kama mtu anayejifukiza, halafu kanigeukia mimi: "Heee! Kaya maskini mnakula kuku?"

Na mfuniko bado kaushika! Anahutubia na mfuniko mkononi kama ngao ya vita vya Majimaji.

Mama kapokea elfu 44 ya miezi miwili. Gawanyeni kwa siku sitini, halafu kwa vichwa vinne, mtaona haifiki hata andazi la mia mbili. Huyo kuku HAJANUNULIWA. Mwaka ule mama anaingizwa kwenye mpango alinunua tetea wawili, wakataga, wakalalia, mwewe kala wengine na kicheche kala wengine, leo banda lina kumi na sita na huyu marehemu alikuwa wa kumi na saba. Kwenye vikao si ndio wanahimizwa fugeni, msile hela yote, fugeni? Kafuga. Sasa kuku akifika kwenye sufuria imekuwa kesi, walitaka afe kwa uzee tumzike na sanda?

Halafu KAANDIKA. Kalamu ikatoka sikioni, kaandika kitu kwenye lile dude lake mbele yetu. Eti mkutano ujao atasimama aseme nyumba hii imeshatajirika itolewe. Kisa sufuria. Aliyoifunua yeye. Chaji 6.

Kishoka Mchana:
Nimekaa siti ya mbele. Swali dogo tu mkuu, alikaribishwa akakataa au alikula?

Mwana wa Mlengwa:
Soma uzi mkuu. Hoja ni kufunua sufuria.

Kapuku Mkuu:
Hujajibu. Alikula?

binti_mwambao:
Mwacheni kijana wa watu, hayo mambo yapo. Huku kwetu ni mwanamke, yeye sufuria hafunui, anahesabu kanga kwenye kamba. Shangazi yangu siku hizi anaanika usiku anaanua kabla ya alfajiri kama mchawi, na yeye mwenyewe anaogopa kuitwa mchawi. Mama mkwe ndio usiseme, kadunduliza kwenye kikundi cha kuweka na kukopa akapata bati nane, kaezeka chumba kimoja, ikawa gumzo kijiji kizima eti ameshatoka kwenye umaskini. Bati nane! Chumba cha pili makuti mpaka leo, umaskini umehamia chumba cha pili.

Mzee wa Takwimu:
Huyo wa kaunta buku angesoma angeona aibu. TASAF walipojaribu kugawa hizi hela 2010 walianzia Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji 80, nusu vikapewa nusu vikasubiri ili waje walinganishe. Walivyopima wakakuta nini kwa waliopewa? Kuku na mbuzi wameongezeka, watoto wadogo hawaumwi siku nyingi kama zamani, watu wanakata kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, watoto wengi zaidi wanamaliza la saba. KUKU wakuu. Kuku ndiyo jibu lenyewe la mtihani halafu mtu anakuja kulifunua anasema mmeibia. Na wale wa "maskini akipewa hela anaishia kilabuni", Evans na Popova wa Benki ya Dunia mwaka 2014 walipitia tafiti za nchi kibao, hawakuona pombe na sigara zikipanda kwa sababu ya hizo hela.

Kishoka Mchana:
Asante kwa takwimu mzee wangu. Alikula au hakula?

Chumba Kinavuja:
Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Jirani yangu ana nyumba ya tofali za kuchoma na bodaboda mbili na anapokea. Mama yangu mjane hakuchaguliwa kwa sababu siku ya mkutano wa kijiji alikuwa amelazwa, na ambaye hayupo hatajwi. Wewe unalia sufuria imefunuliwa, sisi sufuria ya kufunuliwa hatuna.

Mwana wa Mlengwa:
Pole mkuu, lakini bodaboda za jirani yako mama yangu kaziendesha lini? Niko kwa fundi cherehani nachaji. Nikifumba macho naona ule mfuniko.

jirani_wa_Siaya:
Nawasoma kutoka huku Siaya, Kenya, nacheka peke yangu. Sisi GiveDirectly, shirika la misaada, walituma pesa kwa simu, karibu dola 1,000 kwa boma, maboma zaidi ya 10,000, na kigezo ilikuwa nyumba ya nyasi. Homa Bay jirani zetu wengi walikataa kabisa ati ni pesa ya shetani. Wachumi wakaja kupima, wakapata kila dola iliyoingia ilizunguka ikaleta kama dola mbili na nusu, hata wale hawakupewa walifaidi maana fundi alipata kazi na duka likauza, na bei ya vitu ikapanda kidogo sana. Sasa mimi shida yangu ni nyanya yangu, yaani bibi, anangoja ile elfu mbili ya serikali ya wazee ya kila mwezi, ikichelewa anasema mimi ndiye nimeikula. Mimi! Kila asubuhi ananikagua viatu kama ni vipya.

Kapuku Mkuu:
Kwa hiyo waliokataa hela ya shetani sufuria zao zinafunuliwa na nani

Baba Wawili:
Mimi mnisikilize na mimi. Mpokeaji nyumbani kwangu ni mke, eti mama ndiye anajua matumizi ya watoto. Tangu aanze kupokea nikimpigia simu hapokei mara ya kwanza. Nyumba imepinduka hii.

binti_mwambao:
Kaka, na kabla ya hiyo hela alikuwa anapokea?

Baba Wawili:
Alikuwa hana simu.

Mwana wa Mlengwa:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Haya sawa, alikula. Mama kamkaribisha, mtu kakukuta unakula utamfukuza? Kaandika kwanza, akanawa, akakaa mkeka ule ule aliouruka. Na firigisi kaomba mwenyewe kwa mdomo wake.

Kishoka Mchana:
FIRIGISI???

Mzee wa Takwimu:
Hapo mimi takwimu naweka pembeni. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Ungeanza na hilo tangu mstari wa kwanza tusingekucheka.

Chumba Kinavuja:
Mimi nilikuwa upande wa pili lakini kwenye firigisi nimehama.

Mwana wa Mlengwa:
Lakini firigisi si hoja, kaipata kwa sababu alishafunua akaiona. Kama asingefunua

Kapuku Mkuu:
Mliunga kwa nazi au chukuchuku?

Mwana wa Mlengwa:
Nazi. Lakini wakuu ile sufuria

binti_mwambao:
Jogoo wa kienyeji chemsha na tangawizi kwanza mpaka alainike, tui zito mwisho kabisa, ukiwahi linakatika.

Banda Langu:
Hao kumi na sita wamepata chanjo? Huku kwetu kideri kimeshaingia, wiki hii nimefukia tisa. Ile ya tone moja jichoni kila miezi mitatu, msicheze nayo.

Baba Wawili:
Chupa moja inatosha kuku wangapi? Mke wangu ana kama ishirini, hataki niwasogelee.

Banda Langu:
Inazidi hao mara nyingi, changeni na majirani mchanje siku moja. Ninazo, njoo pm.

jirani_wa_Siaya:
Bata pia wanawekewa?

Chumba Kinavuja:
Banda Langu, unatuma mpaka Nachingwea?

Banda Langu:
Natuma ila barafu na nauli juu yako.