Nimechoka na "hadi 20 Mbps": seva nimeweka, foleni nimepanga, VPN bado inakufa saa mbili usiku

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kazi zangu nafanyia nyumbani, hapa Dar. Ofisi iko nje ya nchi na kila kitu kinapita kwenye VPN ya WireGuard (njia ya siri ya kufika ofisini kupitia intaneti), mafaili na mikutano. VPN ikilala, na mimi sina kazi. Ndiyo maana nilichukua kompyuta ya zamani, nikaichomeka kadi ya pili ya mtandao, nikaweka Linux iwe seva yangu na kuikalisha katikati ya rauta ya kampuni ya intaneti na vifaa vyote vya nyumbani. Hakuna simu wala TV inayotoka nje bila kupita hapo.

Kwa wasioifahamu hii kitu: shida kubwa ni foleni inakaa wapi. Rauta ya kampuni inameza pakiti (vipande vidogo vya data) zote na kuzipanga mstari mmoja, sauti yangu ya mkutano inasubiri nyuma ya video anayopandisha mtu WhatsApp. Dawa ni kubana kasi kwenye seva yako iwe chini kidogo ya kasi ya laini. Hapo foleni inajaa kwako badala ya kwao, na wewe ndiye trafiki unayeamua nani apite. Kifurushi changu ni hadi Mbps 20 kushusha, hadi 10 kupandisha. Kwa tc na HTB (zana za Linux za kugawa kasi) nikabana kupandisha kwenye 9, UDP ya bandari 51820 (ndiyo VPN yangu) nikaitengea 4 na kipaumbele cha kwanza, waliobaki wagawane, na kila daraja fq_codel, ya kuzuia foleni isirefuke. Kushusha nako nikakupitisha ifb, kadi ya mtandao ya kubuni ndani ya seva, ili nako kubanwe. Wikiendi mbili nzima zilikwenda hapo.

Mchana inatembea vizuri kabisa. Ping (muda wa pakiti kwenda na kurudi) mpaka geti la kwanza la kampuni ni milisekunde (ms) 15 hata mtu akipandisha video.

Ikifika saa mbili usiku, ambapo wenzangu wa upande wa pili ndiyo wako kazini, laini inaporomoka. Nimepima siku kumi na moja mfululizo: kupandisha 3, siku nyingine 2.8. Seva yangu imeambiwa kuna 9, basi inaachia, na foleni yote inarudi kwenye vifaa vyao, ambako kipaumbele changu hakijulikani. Ping inaruka mpaka 900 ms.

Ijumaa niko katikati ya maelezo kwa mteja, sauti ikaanza kukatika silabi kwa silabi, halafu kimya. Nikatoka chumbani nikamgombeza mwanangu kwa katuni zake mpaka akalia. Baadaye nikafungua takwimu za seva: TV yake ilikuwa inavuta 1.5, na hiyo ni kushusha. Kwenye kupandisha karibu hakuwa anagusa chochote. Nimemwomba msamaha, lakini roho inaniuma mpaka leo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akaniambia nizime rauta na kuiwasha. Nikamtumia vipimo, tarehe na saa. Jibu likaja kesho yake: "ongeza kifurushi uende hadi 40." Hadi 40! Neno lilelile lililonifikisha hapa ndilo wanataka nilipie mara mbili!

Najua mtaniambia nitumie CAKE (mpangaji foleni mwingine wa Linux) na skripti ya cake-autorate. Nimeshaiweka. Inasoma ucheleweshaji na kushusha kikomo yenyewe, na kweli sauti imepona kiasi. Ila maana yake ni nini? Ni kwamba kila usiku najibana mwenyewe kwenye 2.5 ili nipumue, wakati mwisho wa mwezi nalipa ya 10. Hakuna amri ya tc inayoweza kugawa kasi ambayo haijafika nyumbani.

Ninachodai ni kimoja. Waandike kwenye mkataba kasi ya chini kabisa ambayo hawatashuka, saa zote. Wakisema 4, nitapanga kwa 4 na nitatulia. Nimewaomba hivyo kwa barua pepe mara tatu, sijajibiwa hata moja.

Kama kuna mdau wa Dar ambaye mkataba wake umeandikwa kasi ya chini, aniambie ni wa aina gani na analipa bei gani. Na mwenye laini kama yangu apime kupandisha leo saa mbili usiku, aweke namba hapa chini.