Mjadala: Msafara wa kutafuta soko la parachichi nje, nani apande ndege?

Wakulima wenzangu wa Rungwe, Njombe, Mufindi na kwingineko, hili tusiliongelee pembeni tena.

Mwaka jana msafara wa biashara ya kilimo ulitoka huku kwetu kwenda Ulaya. Waliporudi tuliitwa ofisi ya kijiji, tukaambiwa soko lipo, tulime kwa wingi. Nikanyoosha mkono nikauliza: wanataka tunda la ukubwa gani? Kreti moja ikifika kule inauzwa bei gani? Na mzigo wetu ukifunguliwa, matunda yana hali gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyesafiri ambaye amewahi kuchuma parachichi. Walikuwa viongozi na maafisa watupu.

Mimi nasema nusu ya viti wapewe wakulima, tena wale wanaochuma na wanaosimamia kufungasha.

Parachichi la Hass, aina tunayouza nje, haliivi likiwa mtini. Linakomaa, unalichuma gumu, ndipo linaiva baadaye. Ukilichuma changa, linanyauka na kuwa kama mpira, halilainiki sawasawa. Ukomavu wake hupimwa kwa ukavu wa nyama ya tunda: inakatwa, inakaushwa, inapimwa uzito. Msimu uliopita mnunuzi alinirudishia kreti 11 kati ya 40 akisema ukavu haujafika. Nilikuwa sijawahi kuona kipimo hicho kikifanyika. Niliyauza sokoni Kiwira kwa bei ya kutupa, na ada ya mtoto ikasubiri.

Tunda likitoka Rungwe linakaa wiki kadhaa kwenye kontena la ubaridi kabla ya kufika Ulaya. Lililopigwa kwa mti likaanguka, au lililong'olewa kikonyo, hapa unaliona zima. Ubovu unajitokeza kule. Mchumaji akisimama ghalani kwa mnunuzi, tunda la kijijini kwake likapasuliwa mbele yake na ndani ni jeusi, akirudi hatahitaji semina. Atanunua mkasi wa kukatia kikonyo, na jirani zake watanunua.

Jibu la bwana shamba mstaafu, Tukuyu:

Mwanangu, uchungu wako nauelewa, ila usiwabeze viongozi. Soko la China lilifunguka Novemba 2022 kwa sababu serikali mbili zilitia saini itifaki ya parachichi. Mkulima hana mamlaka ya kusaini hiyo. Zaidi ya hapo, maonyesho kama Fruit Logistica ya Berlin, kila Februari, yanataka mtu wa kujadiliana kwa Kiingereza. Tiketi, viza na hoteli ni fedha nyingi. Kwa fedha hiyo tungeleta mashine ya kupima ukavu ikahudumia kata nzima.

Jibu langu:

Shikamoo mzee. Kuhusu itifaki nakubali, bila serikali lango la China lisingefunguka. Lakini lango hilo lina masharti: mashamba na vituo vya kufungashia visajiliwe, na mzigo usiwe na wadudu waliokatazwa. Masharti hayo yanatimizwa shambani. Mdudu mmoja akikutwa kwenye kreti, saini haitatuokoa.

Lugha siyo kikwazo, mkalimani yupo. Wakenya na Waperu wanauza Hass hiyo hiyo, na sidhani kama kila mkulima wa Peru anajua Kiingereza.

Mashine umenigusa, mzee. Kama ni lazima tuchague kimoja, nachukua mashine leo hii. Ila sijaona safari ikifutwa ili mashine inunuliwe. Safari zinaendelea, na sehemu ya fedha ya halmashauri ni ushuru wa mazao unaotoka kwenye mazao yetu. Kwa hiyo naomba mambo mawili: mkulima awe ndani ya msafara, na ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, bei, ukubwa wa tunda na majina ya wanunuzi vibandikwe ukutani kwenye kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Siyo picha za kushikana mikono.

Vikao vya bajeti vya halmashauri vinakuja, nataka niende na mifano. Njombe, mmewahi kumpeleka mchumaji nje? Nani alilipa tiketi, na alirudi na nini? Na wa Mufindi, kama mnapinga, nielezeni mnaogopa nini hasa.