Wauza lenzi za zamani, hiyo "inaingia kaka" yenu imenichosha

Wakuu, habari za jioni. Leo sina salamu ndefu.

Nina Nikon D3500. Nilimwandikia muuzaji mmoja wa lenzi za mtumba hapa Dar, nikamtajia kamera kwa jina na namba, nikamtumia mpaka picha ya sehemu inapofungwa lenzi. Nilitaka Helios 44-2, ile ya Mrusi, milimita 58, f/2 (yaani mdomo wake unafunguka sana kupokea mwanga). Jibu lake: "Inaingia kaka, adapta ipo, lipia nimpe boda." Nikalipia, lenzi pamoja na adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera isiyo yake. Kweli imeingia, tena imekaa vizuri na inapendeza machoni. Ila mtu akisimama ng'ambo ya barabara, humpati! Unazungusha ringi mpaka kwenye ile alama ya nane iliyolala (infiniti, yaani mbali kabisa), bado sura yake ni ukungu.

Kumpigia simu, ananiambia lenzi za zamani ndivyo zilivyo, "zina ulaini wake". Ulaini! Halafu akanikumbusha kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa nimweleze hapa hadharani, maana simu hapokei tena. Lenzi za M42, zile za kufunga kwa skrubu kama hii Helios, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Nikon F, mdomo wa kufungia lenzi ulio kwenye kamera yangu, tangu ilipotoka mwaka 1959 inataka 46.5. Yaani hata kabla hujaweka adapta, lenzi tayari imesogea mbele milimita moja na ushee. Kwa lenzi ya milimita 58, hiyo milimita moja tu inatosha kukufungia dunia kwenye mita tatu hivi. Chochote kilicho mbali zaidi hakitoki kikali. Ongeza unene wa adapta yenyewe, unapungukiwa tena. Harusi nipigeje? Nimfuate bibi harusi mpaka nikanyage shela?

Na msiniambie kuhusu adapta zenye kioo ndani. Zipo, nazijua. Kile kioo kinairudishia lenzi uwezo wa kufika mbali, lakini nyingi kioo chake ni cha bei ya kutupa: fungua f/2 uone picha inavyopata utando na taa zinavyotapakaa. Hata hivyo yangu haina hata hicho kioo. Nimeuziwa pete ya chuma.

Lenzi yenyewe sina ugomvi nayo, hilo lieleweke. Nilijua hakuna fokasi ya kujiendesha. Nilijua D3500 ikifungwa lenzi isiyo na chipu inagoma kupima mwanga, unabaki na M peke yake, yaani kupanga kila kitu kwa mkono: unapiga, unatazama histogramu (ile grafu ya mwanga), unarekebisha, unapiga tena. Hayo yote nilikubali kwa moyo mmoja. Helios ni mtoto wa Biotar, lenzi ya Wajerumani, na mtu akiwa karibu, majani yaliyo nyuma yake yanazunguka kama yamekorogwa. Hicho ndicho nilichokifuata. Hakuna aliyeniambia nitakipata ndani ya sebule tu.

Najua kuna atakayekuja na "nunua mirrorless", kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani. Sawa. Sony E, mdomo wa mirrorless za Sony, umbali wake mpaka kwenye sensa ni milimita 18, kwa hiyo kati yake na M42 kuna zaidi ya milimita 27 za hewa tupu, na adapta inakuwa bomba lisilo na kitu ndani. Ndiyo, infiniti inafika bila kioo chochote. Lakini hata huko mnawaumiza watu. Mnauza bomba tupu mkiliita "adapta ya kitaalamu", halafu hamumwambii mteja aingie kwenye menyu aruhusu kamera ipige bila lenzi. Kijana anabonyeza, kamera kimya, anakimbilia kwa fundi, na fundi naye anamla hela kwa kuwasha kitu cha kwenye menyu. Mwenye kamera inayotuliza mtikisiko ndani yake ndiyo kabisa, nani anamwambia aandike 58 kwa mkono ili itulize sawasawa?

Rafiki yangu ana D7100. Aliuziwa Nikkor, lenzi ya Nikon wenyewe, ya kabla ya mabadiliko ya ufungaji ya mwaka 1977, kwa maneno yale yale: Nikon kwa Nikon, inaingia. Alipoizungusha ikasukuma kile kikono kidogo pembeni ya mdomo wa kamera, ikakipinda. Ajabu ni kwamba kwenye D3500 yangu hicho kikono hakipo, lenzi ile ingekaa bila shida. Muuzaji angeuliza swali moja tu!

Fangasi sijagusa bado. Ukanda huu wa pwani na joto na unyevu wake, lenzi iliyolala kabatini bila silika (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) inaota nyuzi ndani, na zikikaa sana zinakula mpaka rangi ya juu ya kioo. Nyie mnaandika "vumbi kidogo". Vumbi halina matawi. Mwekeeni mteja tochi ya simu nyuma ya lenzi, mpige picha, mtume. Na mtume picha nyingine ya mnara au jengo la mbali, iliyopigwa kwa lenzi hiyo kwenye kamera ya aina anayotumia mteja. Mkikataa, tutajua kwa nini.

Helios ninayo hapa, kioo safi, ringi laini. Mwenye Canon 600D au ndugu zake aje PM: EF, mdomo wa Canon hizo, ni milimita 44, adapta nyembamba isiyo na kioo inatosha, na mbali anafika. Pete ya Nikon simpi mtu, nasubiri muuzaji mwenyewe aje aichukue na hela yangu mkononi.