Mrejesho: Remote Desktop imekubali, tatizo lilikuwa langu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini laptopu yangu inashindwa kuiendesha kompyuta ya mezani yenye Windows Pro, wakati zote ziko kwenye ruta moja na Remote Desktop (huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa kwenye kifaa kingine) nimeshaiwasha.

Mlioniambia nihakikishe anwani ya IP ya kompyuta (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), mlipatia. Nilikuwa naandika 192.168.1.7 niliyoinakili kwenye karatasi wiki iliyopita. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt), nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani, kumbe sasa ni 192.168.1.12! Ruta ilizimika, ilipowaka ikagawa anwani upya. Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta nikaifungia kompyuta anwani yake, haihami tena.

Hapo ikaunganisha, lakini ikanikatalia kuingia. Akaunti yangu haikuwa na nenosiri, na Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kwa mbali. Nikaweka nenosiri pamoja na PIN, kisha kwa akili zangu nikawa naingiza PIN. Mara tatu! PIN ni ya pale pale kwenye mashine. Kwa mbali inatakiwa nenosiri lenyewe.

Pia nimezuia kompyuta isilale, maana ikilala hauipati.

Kuhusu ushauri wa kufungua poti 3389 (mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop) kwenye ruta ili niingie hata nikiwa safarini, hapana, asante. Mlango huo unagongwa na wadukuzi usiku na mchana. Nikihitaji kuingia kutoka nje nitaweka VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wangu nikiwa mbali) kwanza.