Kifaa cha kusikia kwa mzee wa Kongwa: cha ndani ya tundu au cha nyuma ya sikio?

Alizeti_Kongwa:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoyajua mambo ya usikivu. Mzee wetu ana miaka 71, ni mkulima wa Kongwa. Amepimwa Dodoma mjini, na karatasi ya vipimo inasomeka hivi kwa desibeli (namba ikiwa kubwa, usikivu ni hafifu zaidi; hezi ndogo ni sauti nzito, hezi kubwa ni sauti nyembamba):

Kulia: hezi 250 ni 30, hezi 500 ni 35, hezi 1000 ni 50, hezi 2000 ni 60, hezi 4000 ni 75.
Kushoto: 45, 50, 60, 70, 85 kwa mpangilio huohuo.

Anavaa miwani na vidole vinamtetemeka kidogo. Mwenyewe anataka kile kidogo kinachozama ndani ya tundu, watu wasikione. Kuna ndugu wanasema tusijisumbue, tumnunulie vile vya kuchaji vinavyouzwa kwa Wamachinga. Kipi kinamfaa?

Fundi_Usikivu:
Mkuu, umefanya vizuri kuweka namba, wengi huja na "mzee hasikii" basi.

Chukua vipimo vya hezi 500, 1000, 2000 na 4000, jumlisha, gawa kwa nne. Kulia unapata 55, kushoto kama 66. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, 50 hadi chini ya 65 ni upungufu wa kati unaoelekea kuwa mkubwa, na 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Sasa kile cha kuzama ndani kabisa kina spika ndogo na betri ndogo. Sikio la kulia kinaweza kulimudu kwa shida, la kushoto hapana. Tena maikrofoni yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye spika, hivyo ukikipandisha sauti kinaanza kupiga filimbi. Na kwa kuwa ni kidogo mno, kwa kawaida hakina nafasi ya maikrofoni mbili, na hizo mbili ndizo zinazosaidia kumfuata mtu aliye mbele yako kwenye kelele za mnadani.

Kwa mzee huyu ningependekeza cha nyuma ya sikio chenye moldi, yaani kile kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake na kuunganishwa kwa mrija. Kile cha waya mwembamba chenye spika ndani ya tundu kingewezekana kulia, lakini spika ikikaa ndani ya sikio inakutana na nta kila siku. Kichujio cha nta kinahitaji kubadilishwa mara kwa mara, na ni kitu chembamba kuliko punje ya ulezi. Vidole vinavyotetemeka havitakiweza.

Tazama pia hezi 250 na 500 za kulia: 30 na 35. Sauti nzito bado anazipata zenyewe. Ukimziba sikio lote atalalamika kwamba sauti yake mwenyewe inavuma kama anaongea ndani ya mtungi, na kifaa kitaishia kabatini. Kwa hiyo moldi ya kulia iwe na tundu la hewa la milimita 1 hadi 2. Kushoto tundu liwe dogo zaidi, maana nguvu ni nyingi na pengo likiwa kubwa kifaa kitapiga filimbi.

Nina swali moja. Kwenye karatasi kuna alama za kipimo cha mfupa, yaani kile cha kupitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa badala ya hewa ya tundu la sikio? Mduara mwekundu ni hewa kulia, X ya bluu ni hewa kushoto. Mfupa huandikwa kwa alama kama < na > au mabano ya mraba. Kama mfupa uko juu ya hewa kwenye mchoro, yaani namba yake ni ndogo, kwa desibeli 15 au zaidi, huenda kuna tatizo kwenye ngoma au vifupa vya sikio la kati, na hilo hutazamwa kabla ya kununua chochote.

Mwana_wa_Mpwapwa:
Naongezea upande wa betri, maana hapo ndipo watu wa vijijini wanapokwamia.

Betri hizi hutambulika kwa rangi ya stika. Njano ni namba 10, kahawia ni 312, machungwa ni 13, bluu ni 675. Vifaa vya kuzama hutumia namba 10, yenye kipenyo cha milimita 5.8. Namba 13 ni milimita 7.9 na ni nene zaidi, na 675 ni 11.6. Namba 10 huisha ndani ya wiki, hata siku tatu nne kwa mtumiaji wa siku nzima. Namba 13 inafika wiki moja hadi mbili, na 675 zaidi ya hapo. Piga hesabu ya nani atampelekea mzee betri Kongwa, kisha uone kama kile kidogo bado kinavutia.

Jinsi ya kuiweka: bandua stika, iache wazi kama dakika tatu hadi tano iingize hewa, ndipo uitie. Ukiitia palepale itaonekana dhaifu na utadhani ni mbovu. Stika ikishatoka, betri inakwenda hata kifaa kikiwa kimezimwa, kwa hiyo usibandue pakiti nzima. Kiangazi cha Dodoma kina hewa kavu sana na betri hukauka ndani, basi usishangae ikidumu muda mfupi kuliko ilivyoandikwa. Usiweke kwenye friji. Usiku fungua kimlango cha betri: kifaa hakiitumii, na jasho linatoka.

Vumbi nalo. Matundu ya maikrofoni ya cha nyuma ya sikio yako juu. Piga brashi laini huku matundu yakitazama chini, la sivyo unasukumia vumbi ndani.

Binti_Chamwino:
Jamani, kwa vidole vya kutetemeka mbona hamtaji vya kuchaji vya hospitali? Siyo vile vya mtaani. Unakiweka kwenye kikasha usiku, asubuhi kimejaa, hakuna kimlango wala stika. Chaja nyingi zinatumia volti 5, hata betri ya sola yenye tundu la chaja ya simu inatosha.

Fundi_Usikivu:
Dada, hoja yako ni nzito na mimi ningeiunga mkono kama nyumbani umeme ni wa uhakika au sola ipo. Kasoro zake ni mbili. Siku isipochajiwa, kesho mzee hana masikio, wakati mwenye betri za stika anabadilisha tu. Na ile betri ya ndani huchoka baada ya miaka kadhaa, mara nyingi inabidi kifaa kirudi kwa mtengenezaji. Muulizeni muuzaji hilo kabla ya kulipa, jibu liwe kwa maandishi.

Vya Wamachinga ni vikuza sauti. Vinapandisha kila kitu karibu sawasawa, wakati mzee anahitaji kidogo kwenye hezi 250 na kingi kwenye 4000. Honi ya basi itamuumiza, na maneno ya mjukuu bado hatayashika. Vingi havina kikomo cha sauti kilichopangwa kwa sikio lake, kwa hiyo hata kile alichobakiwa nacho kinaweza kuharibika.

Alizeti_Kongwa:
Asanteni sana. Nimeangalia, kushoto kweli alama za mfupa ziko juu, kwa hezi 1000 mfupa ni 35. Na sikio hilo huwa linatoa usaha kila masika. Sola ipo lakini ni ya taa mbili tu.

Fundi_Usikivu:
Basi mambo yamebadilika. Pengo la desibeli 25 na usaha unaojirudia: kuna uwezekano mkubwa ngoma imetoboka. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo, sikio litibiwe na likauke kwanza. Usikubali lizibwe na moldi likiwa linatoa maji, maana joto na unyevu vitalisha ugonjwa. Anzeni na kulia peke yake. Kushoto likigoma kukauka, ulizeni kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa, hakizibi tundu.

Ikifika zamu ya kuchukua umbo la sikio la kushoto, mwambieni mtaalamu kuhusu ngoma kabla hajaanza. Lazima aangalie kwa taa na aweke kizuizi cha pamba au sponji chenye uzi. Bila hicho, silikoni laini ya kuchukulia umbo inaweza kupita kwenye tundu la ngoma na kuganda sikio la kati, na kuitoa huwa ni upasuaji.

Mwana_wa_Mpwapwa:
Na kikianza kupiga filimbi nyumbani msikimbilie mjini. Kitoe sikioni, pandisha sauti, ziba tundu la moldi kwa kidole gumba. Filimbi ikikoma, kifaa ni kizima: moldi imelegea, haikukaa vizuri, au nta imejaa kwenye tundu la sikio. Ikiendelea, angalia mrija kama umepasuka au umekuwa mgumu na wa njano. Mrija hubadilishwa kila miezi mitatu hadi sita. Moldi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikiwa imechomolewa kwenye kifaa, bila spiriti. Maji yaliyobaki mrijani yapulizeni kwa kipulizio cha mpira, kisha iachwe mpaka asubuhi.