Tanga ya samaki na iliki, tunauziwa kahawa ya pakiti na kuku wa kugandishwa. Wenye migahawa ya ufukweni, mtuheshimu!

Wakuu, habari za saa hizi. Wana Tanga wenzangu, mlioko Ngamiani, Chumbageni, Makorora, Sahare, na nyie mlioko mbali mnaopakumbuka nyumbani, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Ijumaa baada ya swala nilimpeleka mkwe wa mdogo wangu, mzee wa Machame kule Kilimanjaro, kwenye mmoja wa hii migahawa mipya ya ufukweni. Jina silitaji, maana ugonjwa huu hauko kwa mmoja. Mzee alikuwa hajawahi kufika Tanga. Ana kihamba chake, yaani shamba la ukoo la Kichagga, mibuni imekaa chini ya migomba tangu enzi za baba yake, na kitu alichotaka kukiona kuliko vyote hapa mjini ni bandari. Tangu utotoni aliambiwa kahawa yao inashuka kwa treni mpaka Tanga ndipo ipande meli. Nikamwonyesha bandari, nikamweleza jinsi meli zilivyokuwa zikisimama mbali majini na mizigo kupelekwa kwa matishari. Akafurahi sana. Tukaenda kukaa pale, akaagiza kahawa.

Wakamletea kikombe cha maji ya moto, kijiko, na kipakiti cha unga. Pembeni kipakiti kingine cha maziwa, unga vilevile. Shilingi elfu nne.

Mzee akakigeuza kile kipakiti, akasoma kilikotengenezwa. Nje ya nchi. Akakirudisha kwenye kisahani na kuniuliza kwa upole, "Baba, hapa kahawa haifiki?" Nilimjibu nini mimi? Mwenyeji mzima, mtoto wa mji huu, nilikosa jibu.

Haifiki vipi? Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na kabla ya vita vya 1914 ilikuwa imeshafika Moshi. Wajerumani walijaribu hata kupanda kahawa hapo juu kwetu, Usambara Mashariki, huko Amani na Derema. Haikuwalipa, wakahamia kwenye mkonge, lakini kahawa ya Kilimanjaro ikaendelea kupita mlangoni kwetu miaka na miaka. Lushoto mpaka leo wako wenye mibuni. Iliki, mdalasini na pilipili manga zinatoka Amani na Muheza. Tangawizi iko hapo Same. Na maziwa jamani! Mkoa huu unasifika nchi nzima kwa ng'ombe wa maziwa, asubuhi unapishana na baiskeli zimefungwa madumu, halafu mtu ana mgahawa wake hapahapa mjini anakupa maziwa ya unga kwenye kipakiti. Hata ukitaka kahawa ya unga basi, ya kwetu ipo, inatengenezwa Bukoba. Huyu ameivuka Bukoba, ameivuka Moshi, ameivuka Lushoto, ameenda kuagiza ng'ambo ili amwuzie mkulima wa Machame.

Nikasema ngoja tule, labda chakula kitafuta aibu. Menyu ina kurasa kama daftari la shule, picha kila mahali. Changu wa kupaka? Imeisha. Pweza wa nazi? Leo hakuna. Kamba? Hawajaleta. Ngisi? Mpishi wa ngisi hayupo. Sasa kuna nini? Chipsi kuku. Kuku mwenyewe wa kwenye friza, mfupa mweusi, nyama haina ladha. Na chipsi zenyewe zilifika adhana ya alasiri imeshapita.

Kutoka pale mpaka soko la samaki la Deep Sea ni safari fupi tu ya bajaji. Najua bahari ina majira yake. Kusi likishika, ngalawa nyingi hazitoki, samaki wanapungua na bei inapanda. Hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu mwenye mgahawa kwa ajili ya upepo. Lakini wiki hii Deep Sea samaki walikuwepo, nimewanunua mwenyewe, changu na kolekole, wabichi kabisa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetumwa sokoni asubuhi. Kuku wa friza hamsumbui mtu. Hahitaji kuamkiwa alfajiri, hahitaji kuparwa magamba, hahitaji mtu wa kukuna nazi na kukamua tui zito na jepesi. Mnaufanya uvivu wa jikoni kuwa chakula cha mji, kisha mnatutoza bei ya hoteli kubwa.

Haya yote ningeyameza. Lililonifanya nifungue uzi huu ni hili.

Tukiwa bado tunasubiri hizo chipsi, akapita muuza kahawa kando ya ukuta, dele lake, birika la kahawa, liko juu ya jiko la mkaa, vikombe anavigonganisha mkononi kama kawaida yao. Mzee aliposikia akageuka, akainua mkono kumwita. Yule kijana akasogea. Kabla hajafika, mlinzi akamkimbilia na rungu, akamfukuza kama mwizi. "Hapa hairuhusiwi biashara za barabarani!" Nikasimama, nikamwambia mlinzi huyu mzee ni mgeni wangu, anataka kahawa, na nyie kahawa hamna. Akaniambia ni amri ya bosi. Meneja akaja, hata shikamoo kwa mzee hakuitoa, akasema wanalinda "hadhi ya sehemu."

Hadhi gani? Hadhi ya kipakiti?

Niwaambie yule kijana anafanya nini kabla ya kufika pale, kwa wale msiojua. Ananunua buni mbichi. Anazichagua, anazikaanga kwenye kikaango mpaka ziive sawasawa, akizidisha zinaungua na kahawa inakuwa na uchungu wa masizi, akipunguza inakuwa maji tu. Anazitwanga kwenye kinu, anachekecha. Anachemsha, anatia tangawizi au iliki kidogo kwa kipimo chake mwenyewe, kila mmoja ana mkono wake, na wateja wanaujua mkono wa nani ni wa nani. Kisha anatembea mji mzima na moto mkononi, ili wewe uinywe ya moto, kwa shilingi mia, mia mbili, na kashata ya karanga au ya nazi juu yake. Huyo ndiye anayeshusha hadhi? Katika mji huu mzima, yeye ndiye anayejua kahawa kuliko wote waliovaa tai mle ndani.

Mtasema usafi. Sawa, tuzungumze usafi. Ni kweli ile ndoo ya kusuuzia vikombe wengine wanaizungusha na maji yaleyale kwa muda mrefu, na hilo halifai, lazima libadilike. Lakini nyie mna bomba, mna sinki, mna sabuni. Kingewagharimu nini kumwambia kijana njoo ukae hapa kwenye kona, vikombe vyako vioshwe jikoni kwetu, wateja wetu wapate kahawa ya kweli? Mngepata kahawa nzuri bila kununua mashine ya mamilioni, naye angepata pa kukaa. Badala yake rungu.

Kuna watakaokuja hapa kuniambia eti watalii ndio wanataka hivyo. Si kweli. Mtu hasafiri mpaka Tanga, akaenda mapango ya Amboni, akavuka kwenda kisiwa cha Toten, akashuka Pangani au akapanda Amani kutazama vipepeo na ndege, ili aje anywe kipakiti ambacho dukani kwao kimejaa rafu nzima. Na wageni wanaongezeka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani, bandari imepanuliwa, watu wa kila taifa wanazunguka mjini wakitafuta pa kula. Hii ndiyo nafasi ya kuwalisha bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki, wali wa nazi, mbaazi, mkate wa kumimina. Tunawapa kuku wa friza. Wakirudi kwao watasema Tanga haina chakula, na watakuwa wamedanganywa na sisi wenyewe.

Sina ugomvi na yule binti aliyetuhudumia. Alikuwa na adabu, aliomba radhi kwa kila "imeisha", uso umemshuka. Kusema hakuna siku nzima kwa niaba ya bosi ambaye hayupo ni kazi ngumu, na sidhani analipwa vizuri kwa kuifanya. Hasira yangu ni kwa wenye mali na mameneja. Mnazo fedha za taa za rangi, mnazo fedha za spika zinazotetemesha meza saa nane mchana, fedha ya kilo moja ya buni na kinu hamna?

Ninachotaka si kikubwa. Futeni ile menyu ya picha, wekeni ubao mlangoni, andikeni kilichopo leo. Kama ni kibua na ugali tu, andikeni kibua na ugali, tutakula na tutashukuru. Nunueni buni, mkaange. Nunueni maziwa ya ng'ombe wa hapa. Na mwacheni muuza kahawa apite, maana ile njia ya ufukweni haikujengwa na mgahawa wenu.

NYONGEZA: Naona wengi mmeuliza tuliishia wapi. Tulilipa, tukaondoka, nikampeleka mzee Ngamiani kwenye kijiwe cha wazee wa bao. Nafasi ikapatikana kwenye benchi, kahawa ikaja, kashata ikaja. Akaanza kuulizana na muuza kahawa buni anazitoa wapi na anazikaanga muda gani, wakabishana kweli kweli, mzee anadai zimezidi moto kidogo. Hakutaka kuondoka mpaka magharibi.

NYONGEZA YA PILI: Kwa mdau aliyesema nafanya fitina kwa wawekezaji wazawa: mimi nataka wafanikiwe kuliko wewe unavyotaka. Ndugu yangu mmoja alifungua mgahawa kwa mtindo huohuo wa chipsi na spika, ukafa, kwa sababu mwenye hamu ya chipsi anazipata kwa bei nafuu kwenye banda la jirani. Wale akina mama wanaopika mbaazi na mahamri asubuhi kule Ngamiani hawana taa za rangi, na ukichelewa kidogo unakuta sufuria tupu. Wateja wapo. Waulizeni wale akina mama wanafanyaje, na mkiwaajiri walipeni vizuri.

Na kwa aliyeuliza bada ya leo anaipata wapi: nenda mapema, kabla ya saa saba, ukiuliza wauza samaki wenyewe pale Deep Sea wanakula wapi watakuonyesha. Wengine wenye sehemu nzuri, ziwekeni hapa chini, na mseme wazi kama kahawa yao ni ya kuchemsha au ya pakiti.