Naomba ushauri, niingie Navy sasa ama nimalize kozi kwanza?

Habari zenu wakubwa. Mimi kijana wa Likoni, miaka 22, KCSE nina C plain, na kila nikiwa kwenye feri nikiona zile meli za kijivu zinatoka kambi ya Navy (jeshi la majini) ya Mtongwe moyo wanienda mbio. Shida nimebakisha mwaka mmoja wa diploma ya uinjinia wa meli, na mama nae nikitaja KDF, jeshi letu la Kenya, ananyamaza tu anaendelea kukuna nazi, naumia sana. Ami yangu aliyestaafu jeshi anasema niende, kuruti mwisho miaka 26. Je, baada ya mafunzo Eldoret unachagua Navy mwenyewe ama unapangiwa? Na nikingoja cheti niombe kama fundi, itanisaidia zaidi? Natanguliza shukrani.